Vitunguu vya Nyamizi

Alivileta ndani ya soksi ya marehemu baba yake
kutoka porini Sikonge, vitunguu kumi na kimoja,
na mimi, mke mkubwa, nikasimama mlangoni na mwiko,
nikacheka: "Mwenzangu, Isevya hapa vitunguu ni vya kula."

"Hivi haviliwi, dada Kalunde. Mbuzi akila anakufa."

Basi nikapata la kusema kisimani mwezi mzima:
mke mdogo kaingia na sumu kwenye soksi.

Alichimba chini ya dirisha la jiko, pale udongo
ni kichanga kitupu, haushiki maji wala siri.
Akachanganya samadi iliyokwisha kupoa,
majivu kidogo, na kokoto alizookota relini
(mlinzi alimfukuza; akarudi usiku).
Shingo juu, alinionyesha, shingo iachwe nje ipumue.
Ukikizika chote kinaoza kimya kimya,
kama mtu aliyemeza neno.

Nikasema haya. Nilikuwa na mahindi ya kupukuchua.

Juni majani yakanyauka. Julai, hakuna kitu.
Agosti nikamwaga pale maji ya kuoshea mchele,
kwa huruma, naapa, ilikuwa huruma,
naye akatoka mbio, kanga inaburuta:
"Usimnyweshe aliyelala!"
Mtaa mzima tunagombania ndoo ya maji ya Igombe,
yeye ananikataza kumwaga.

Novemba, mvua ya kwanza, ile ya kunusisha vumbi.
Siku ya nne ardhi ikapasuka
likatoka ua, jani hata moja hakuna,
tufe jekundu, sindano mia mbili za moto
juu ya ufito mmoja.
Ua kwanza, majani baadaye.
Nikadhani dunia imeruka mstari.
Mume wetu akapita na baiskeli, akasema, "Zuri,"
akaenda zake gulioni.
Hilo "zuri" lilikuwa la nani?
Tulinuniana wiki nzima.

Kisha viwavi. Weusi, pete za njano,
wanakula usiku kuanzia kwenye moyo wa jani.
Macho yake hayakuwa mazuri gizani.
Yeye akashika tochi, mimi nikaokota,
mmoja mmoja, ndani ya kopo la maji ya sabuni,
na katikati ya kiwavi wa thelathini na wa thelathini na moja
akaniuliza kama mgongo wangu bado unauma.
Sikuwa nimemwambia mtu kuhusu mgongo wangu.

Mjukuu alisema shuleni wanaliita yungiyungi.
Sisi hatukuliita. Tulisema tu, "Wameamka?"

Nyamizi alifia Kitete, mwezi wa Julai,
mwezi wao wa kulala.
Wapishi wa matanga wakaja na mafiga na sufuria kubwa,
wakatafuta mahali pakavu, pasipo na kitu,
wakapaona: chini ya dirisha la jiko.
Nikasimama hapo na mwiko wangu.
"Hapa hapana. Hapa pana watu wamelala."
Wakatazamana. Wakasema msiba umemzidi.
Wakapika nyuma, karibu na choo, na ubwabwa ukaungua.

Mwaka huu nimevifukua, maana vilikuwa vimebanana
hata maua yamepungua. Nikavipangua kwa vidole, bila kisu,
vitoto vikitoka ubavuni mwa mama zao,
nikavipanga juu ya gunia kivulini vikauke jeraha.
Arobaini na vitatu.
Nikavihesabu tena, kwa sauti,
kwa mdomo huu huu
uliomwita mgumba.

Jana Nyanzobe, mke mdogo wa jirani,
kachungulia ugoni, tumbo halijaonyesha kitu,
mama mkwe wake anamsema mpaka stesheni kunasikika.
Akauliza, hivyo vitunguu unauza?

Siuzi.
Haviliwi, nikamwambia. Shingo iachwe nje.
Na vikilala, mwanangu, hata wakikuambia vimekufa,
usimwage maji.

Akanyoosha mfuko wa plastiki.
Nikamwambia humo vitatoa jasho.
Nenda kalete soksi.